Derby Huanzia kwa Mama: Farasi wa Ufalme wa Uingereza na Kilima cha Epsom

Jumatano ya tarehe 7 Juni 1989, dume mwekundu aitwaye Nashwan aliikata kona ya mwisho ya Epsom, akanyoosha shingo, akashinda Derby kwa urefu wa farasi 5. Mwenye farasi alikuwa Sheikh Hamdan al Maktoum wa Dubai. Mkufunzi alikuwa Dick Hern, joki Willie Carson. Banda alikotoka, West Ilsley katika kaunti ya Berkshire, lilikuwa mali ya Malkia Elizabeth II. Mama yake Nashwan, Height of Fashion, alizaliwa katika mali ya Malkia huyohuyo, akashinda akiwa amevaa rangi za Malkia, kisha akauzwa kwa Sheikh Hamdan mwaka 1982. Na fedha za mauzo hayo ndizo zilizolinunua banda la West Ilsley.

Kwa maneno mengine, Malkia alipika, Sheikh akala. Na chakula kiliivia jikoni kwa Malkia.

Elizabeth II alirithi farasi wa baba yake mwaka 1952, akawa nao mpaka alipofariki Septemba 2022. Uingereza ina mbio 5 za farasi wa umri wa miaka 3 ambazo ndizo kipimo cha heshima: 2000 Guineas na 1000 Guineas kule Newmarket, Oaks na Derby pale Epsom, na St Leger ya Doncaster. Alizishinda nne. Carrozza alimpa Oaks mwaka 1957, Pall Mall 2000 Guineas mwaka 1958, Highclere 1000 Guineas mwaka 1974, na Dunfermline akachukua Oaks na St Leger zote mbili mwaka 1977, mwaka wa jubilei ya miaka 25 ya kiti. Mara mbili, 1954 na 1957, aliwapita wamiliki wote wa Uingereza kwa fedha za zawadi. Derby peke yake ilimkataa.

Ukisema dabi Kariakoo, kila mtu anajua unazungumzia Simba na Yanga. Derby hii ni ya farasi, na ilianza tarehe 4 Mei 1780. Jina ni la Earl wa 12 wa Derby, na inasimuliwa kwamba yeye na Sir Charles Bunbury walirusha sarafu kuamua mbio ziitwe kwa jina la nani. Bunbury, kama kweli alishindwa kwenye sarafu, alilipwa uwanjani: mshindi wa kwanza, Diomed, alikuwa wake. Lord Derby mwenyewe alingoja hadi 1787. Na Wakenya wana Derby yao ya Ngong, iliyochukua jina hapohapo Epsom.

Kwanza kilima, maana bila kukielewa kilima huelewi kwa nini fedha hazitoshi.

Epsom iko kusini mwa London, juu ya vilima vya chokaa. Mwanzoni mbio zilikuwa maili moja. Tangu 1784 ni maili moja na nusu, na zikipimwa kwa usahihi wa leo ni kama mita 2,420. Wanaingia madume na majike wa miaka 3 tu. Aliyehasiwa haruhusiwi: Derby inatafuta baba wa kizazi kijacho, na yeye hana cha kurithisha. Dume hubeba kilo 58, tandiko na joki pamoja. Jike hupunguziwa kilo moja na kitu. Majike huingia kwa nadra kwa sababu wana Oaks yao siku ya kuamkia Derby, na wa mwisho kuwashinda madume alikuwa Fifinella, mwaka 1916. Farasi hufika umri wa miaka 3 mara moja tu, kwa hiyo kila farasi aliyewahi kuzaliwa ana nafasi moja ya Derby. Hakuna kusema tutarudi mwakani.

Geti linapofunguka, njia inapanda. Karibu kilomita nzima ya kwanza ni kupanda, kama mita 40 kutoka geti hadi kileleni. Mpando huo una hila yake: njia inajipinda kidogo kwenda kulia, kisha inaanza kugeuka kushoto, na itaendelea kushoto mpaka mwisho. Farasi aliyepangiwa namba 1, upande wa ndani, hujikuta amebanwa wenzake wanaposogea, na joki wake ana mawili: kutumia nguvu mapema ili awe mbele, au kuvuta hatamu na kurudi nyuma ya kundi. Yote mawili yanagharimu. Ndiyo maana siku ya kupanga namba wamiliki wengi hunyamaza kimya.

Kutoka kileleni ni kushuka, kwa kasi, huku mkipinda kushoto hadi Tattenham Corner. Hapa ndipo farasi wengi wazuri wanapokufa kimbio. Mwenye hatua ndefu sana anapokimbia tambarare anapendeza kama mawimbi, lakini kwenye mteremko uzito wote humwangukia mabegani, hatua hazikunjiki, na mwili hupepesuka. Anayetakiwa ni farasi mwenye uwiano: hatua fupi zinazoweza kurefushwa, bega lililolala, na akili ya kumwachia joki uongozi. Kisha anaingia kwenye mstari ulionyooka, kama mita 700 hivi, ambao nao si sawa: ardhi imeinama kutoka upande wa jukwaa kwenda upande wa ndani. Farasi aliyechoka huteleza na mwinamo, anawasukuma wenzake kuelekea uzio wa ndani, na joki anayetumia fimbo mkono wa kulia humwongezea kuyumba. Mita 100 za mwisho zinapanda tena. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Epsom huishia kwenye mpando huo.

Busara ya kawaida ni kwamba ukifika Tattenham Corner hujawa miongoni mwa sita au saba wa mbele, umekwisha. Mwaka 2011 Pour Moi alipoingia kwenye mstari wa mwisho alikuwa karibu na mkia, akashinda, joki wake Mickael Barzalona akisimama kwenye vikuku kusherehekea kabla hata ya kuvuka mstari. Mmoja wa aliowapita siku hiyo alikuwa Carlton House wa Malkia, farasi aliyependwa kuliko wote na wacheza kamari. Carlton House alimaliza wa tatu, chini ya urefu mmoja kutoka kwa mshindi, na aliporudi ikaonekana kiatu kimoja kimeng'oka. Kiatu cha farasi wa mbio ni bamba jembamba la alumini, limefungwa kwa misumari midogo kwenye ukuta wa kwato. Kwenye msongamano, kwato ya nyuma ya farasi mwenyewe au ya jirani hukanyaga ukingo wa kiatu, na kinatoka. Farasi hukimbia upande mmoja ukiteleza na mwingine ukishika. Huwezi kuthibitisha kwamba kiatu kilimnyima Malkia Derby. Huwezi pia kuthibitisha kwamba hakikumnyima.

Carlton House alikuwa zawadi kutoka kwa Sheikh Mohammed wa Dubai. Hilo lenyewe linasema kitu kuhusu umiliki wa kifalme: watu hudhani mfalme hununua farasi ghali mnadani. Wa Uingereza kwa kawaida hafanyi hivyo. Anazalisha. Farasi wake wengi ni watoto wa majike waliozaliwa na majike waliozaliwa Sandringham, kule Norfolk, ambako Edward VII alianzisha mazizi ya kuzalishia mwaka 1886 akiwa bado mrithi wa taji.

Kazi ya kuzalisha iko hivi. Kalenda ya farasi wa mbio ina sikukuu moja ya kuzaliwa: tarehe 1 Januari kila farasi wa kaskazini mwa dunia huongezewa mwaka, awe amezaliwa Januari au Mei. Mimba ni miezi 11. Kwa hiyo majike hupandishwa kuanzia katikati ya Februari, ili watoto waje mapema mwaka unaofuata. Aliyezaliwa mwishoni mwa Mei atakutana Epsom na aliyemzidi miezi minne, na katika umri huo miezi minne ni misuli mingi. Mbegu haichukuliwi kwa chupa. Kitabu cha nasaba kinamkubali tu mtoto aliyepatikana kwa dume kumpanda jike moja kwa moja, ndiyo maana jike husafirishwa hadi kwa dume, mara nyingi akiwa na mtoto anayenyonya pembeni. Ada ya dume kwa kawaida hulipwa kwa masharti: mtoto asiposimama na kunyonya, hakuna malipo.

Mtoto akizaliwa huchukuliwa sampuli ya vinasaba ili kuthibitisha wazazi, anawekewa chipu shingoni na kupewa pasipoti. Huachishwa kunyonya akiwa na miezi mitano au sita. Msimu wa vuli wa mwaka wake wa pili ndipo anapofundishwa: siku za kwanza lijamu mdomoni tu, autafune na kuuzoea, kisha mkanda wa kifuani, kisha hatamu ndefu, mtu akitembea nyuma yake barabarani ili ajue kona, magari na madimbwi, kisha mtu anajilaza tumbo juu ya mgongo wake bandani, mwisho tandiko na mpandaji. Ukiruka hatua moja utailipa Epsom, mbele ya makelele ya watu maelfu kwa maelfu. Farasi aliyeharakishwa hukumbuka hofu.

Chakula nacho si mzaha. Mnyama wa kilo 500 ana tumbo dogo, hana uwezo wa kutapika, na kosa la chakula humletea msokoto wa tumbo unaoweza kumuua kwa saa chache. Nafaka hugawanywa mara tatu au zaidi kwa siku, na nyasi kavu safi katikati. Hatari nyingine ni ya maabara. Mwaka 2013 Estimate, jike wa Malkia aliyetoka kwa Aga Khan, alishinda Gold Cup ya Ascot. Mwaka uliofuata akamaliza wa pili, lakini vipimo vikaonyesha mofini, dawa kali ya maumivu. Ilitoka kwenye chakula kilichochafuliwa, na farasi wa mabanda mengine walinaswa pia. Hakuna aliyemtuhumu Malkia kwa ulaghai, ila kanuni haiangalii nia: nafasi ya pili ilifutwa na fedha zikarudi. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Jambo la kanuni kutomjali mwenye taji si geni. Mwaka 1788 Mwana wa Mfalme, ambaye baadaye akawa George IV, alishinda Derby na Sir Thomas, mshindi wa kwanza wa ukoo wa kifalme. Miaka mitatu baadaye, kule Newmarket, farasi wake Escape alishindwa siku moja akiwa anatarajiwa kushinda, na kesho yake akashinda kwa malipo mazuri kwa waliomwekea dau. Wasimamizi wa Jockey Club, klabu iliyosimamia mbio, Bunbury yuleyule akiwa miongoni mwao, wakamtolea shaka joki Sam Chifney, wakamwambia Mwana wa Mfalme kwamba akiendelea kumtumia Chifney hakuna muungwana atakayeshindana naye. Alikasirika, akaondoka Newmarket. Lakini uamuzi haukubadilishwa.

Aliyeipata Derby kwa ukamilifu katika ukoo huo ni Edward VII, na siri yake iligharimu gini 900 (gini, fedha ya zamani ya Uingereza, ni pauni moja na shilingi moja). Hiyo ndiyo bei aliyonunuliwa jike Perdita II. Alipandishwa na St Simon, akazaa Florizel II, kisha Persimmon, kisha Diamond Jubilee, wote kwa dume yuleyule. Persimmon alishinda Derby ya 1896, akimpita St Frusquin kwa shingo. Safari ya kwenda Epsom nusura ikwame: aligoma kabisa kupanda behewa la treni, na mkufunzi wake Richard Marsh akalazimika kuomba watu waliokuwa stesheni wamsukume kwa nguvu za mikono. Diamond Jubilee, ndugu yake, alikuwa mkali kiasi cha kuuma na kurusha mateke majoki, ila alimvumilia mtu mmoja wa bandani aitwaye Herbert Jones. Basi Jones akapandishwa kutoka kumhudumia hadi kumpanda, na mwaka 1900 wakachukua 2000 Guineas, Derby na St Leger. Wana hao wa jike wa gini 900 walijenga hata ukuta wa bustani ya mboga ya Sandringham kwa zawadi na ada zao.

Derby ya tatu ya Edward, ya mwaka 1909, inafundisha kitu tofauti. Alikuwa sasa mfalme, na hadi leo ndiye mfalme pekee aliye kitini aliyeishinda. Lakini farasi aliyeshinda, Minoru, hakuwa wake. Alimkodi, pamoja na wengine, kutoka kwa Kanali William Hall Walker wa Tully, kule Ireland. Katika kukodi, farasi hukimbia kwa jina na rangi za mkodishwaji, yeye hulipa gharama za mafunzo, zawadi hugawanywa kwa makubaliano, na mwisho wa mbio mnyama hurudi kwa mwenyewe. Kwa mfalme ambaye mazizi yake yamepita ukame, ni njia ya heshima ya kujaza pengo. George VI alifanya vivyo hivyo na farasi wa National Stud, mazizi ya serikali, mwaka 1942, akashinda mbio kubwa nne kati ya tano. Ubaya wake ni mmoja: unapata kombe, hupati damu. Minoru alishinda kwa tofauti isiyozidi pua, kisha akauzwa Urusi, na habari zake zikapotea katika misukosuko ya mapinduzi. Sandringham haikubaki na kitu.

Jones ndiye aliyempanda Minoru, na ndiye aliyekuwa juu ya Anmer wa George V tarehe 4 Juni 1913, pale Tattenham Corner, Emily Davison, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alipoingia njiani mbele ya farasi. Davison alifariki siku nne baadaye. Jones alizimia, Anmer aliinuka na kumaliza bila mtu mgongoni.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana kuna sheria moja ya zamani ambayo ilikuwa na uzito wa pekee kwa wafalme. Farasi huandikishwa Derby angali mdogo, kabla hajakimbia hata mara moja. Mwenye farasi hulipa ada ya kwanza, kisha ada nyingine kwa hatua, na anayeona farasi wake hafai anamwondoa. Aliyesahau au aliyekosa imani ana mlango wa nyuma: kulipa ada ya nyongeza siku chache kabla ya mbio. Golden Horn hakuandikishwa mapema kwa sababu nasaba yake haikuonyesha pumzi ya maili moja na nusu. Mwaka 2015, baada ya kushinda mbio za majaribio za York, mwenyewe alilipa pauni 75,000 kumwingiza, na akashinda. Lakini zamani kulikuwa na kifungu kibaya zaidi: mwenye farasi akifariki, maandikisho yote aliyofanya yanakufa naye. St Simon, baba wa Persimmon, ni mfano. Mmiliki wake, Prince Batthyany, alianguka na kufariki Newmarket mwaka 1883, na nafasi ya farasi katika 2000 Guineas ikafutika. Farasi bora wa zama zake hakukimbia hata moja kati ya mbio kubwa tano. Wanawe ndio waliozikimbia. Edward VII alipofariki Mei 1910, farasi wake wakakutwa na hali hiyohiyo.

Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1929. Matunda yake yalionekana haraka: Cameronian, aliyeshinda Derby ya 1931, alikuwa amerithiwa na mpwa kutoka kwa mjomba. Na ndiyo sababu, George VI alipofariki Februari 1952 na binti yake akaipokea habari akiwa Kenya, dume mmoja mwekundu aliyezalishwa na mfalme hakupoteza mustakabali wake pamoja na mwenyewe. Dume huyo alikuwa Aureole.

Juni 1953 ilikuwa na jambo lisilojirudia. Elizabeth alitawazwa tarehe 2, Jumanne. Jumamosi ya tarehe 6, Aureole akakimbia Derby. Baba yake, Hyperion, alikuwa mshindi wa Derby ya 1933, kwa hiyo damu ilikuwepo. Kasoro ya Aureole ilikuwa mishipa ya fahamu: alipandwa na joto haraka, alitoa jasho, alichoka kabla ya geti. Epsom ni mahali pabaya kwa farasi wa namna hiyo, na siku ile umati ulikuja na sherehe ya kutawazwa bado kichwani. Pinza alimshinda kwa urefu wa farasi 4. Aliyempanda Pinza alikuwa Gordon Richards, joki bingwa aliyekuwa amejaribu Derby mara 27 bila kushinda, na aliyetangaziwa cheo cha Sir wiki hiyohiyo kwa jina la Malkia.

Mwaka uliofuata Aureole alitulia, akashinda Coronation Cup pale pale Epsom na mbio kubwa ya Ascot inayobeba majina ya wazazi wa Malkia. Kisha akapelekwa Sandringham kuwa dume la mbegu. Mwaka 1960 mwanawe, St Paddy, alishinda Derby. Mwenye St Paddy alikuwa Sir Victor Sassoon. Na mwenye Pinza alikuwa nani? Sassoon huyohuyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mlango wa karibu zaidi wa kulielewa jambo hili ni Aga Khan. Kwetu jina hilo ni hospitali na shule. Wazee wa Dar es Salaam wanasimulia Agosti 1946, Aga Khan wa tatu alipopimwa uzito kwa almasi. Epsom jina hilohilo ni shati la kijani lenye rangi nyekundu mabegani. Aga Khan wa tatu alishinda Derby mara 5, na mjukuu wake, aliyefariki Februari 2025, mara 5 pia. Si kwa kubahatisha. Mwaka 1922 Aga Khan wa tatu alinunua jike mdogo, Mumtaz Mahal, kwa gini 9,100, bei iliyowashangaza watu, na familia ile ikaendelea kuzalisha kwa ukoo wake wa kike. Fuata uzi: Mumtaz Mahal akamzaa Mumtaz Begum, naye akamzaa jike aliyepewa jina Dodoma, ndiyo, Dodoma, kisha Diableretta, Ginetta, Nasreen, Sharmeen. Sharmeen akamzaa Shergar, aliyeshinda Derby ya 1981 kwa urefu wa farasi 10, tofauti ambayo haijafikiwa na yeyote. Shergar alitekwa nyara Ireland Februari 1983, na hakuonekana tena. Dume anaweza kuibiwa, kuuzwa, kufa. Ukoo wa majike ukiwa nyumbani, unaanza upya.

Hapo ndipo uamuzi wa 1982 unapouma. Height of Fashion alikuwa binti wa Highclere, mmoja wa majike bora aliowahi kuwa nao Malkia: mshindi wa 1000 Guineas, na wa Prix de Diane kule Ufaransa, mwaka mmoja. Height of Fashion mwenyewe hakushindwa hata mbio moja akiwa na miaka 2. Wapo wanaosema Malkia alikosea kumuuza. Kwa maoni yangu hiyo ni akili ya baadaye. Mzalishaji asiyeuza hufilisika, hata akiwa na taji. Mabanda yanakula kila siku, farasi akimbie asikimbie, na zawadi za mbio hazilipi gharama za wamiliki wengi. Mwaka 1982 hakuna aliyejua kama jike yule angekuwa mama mzuri. Wakimbiaji wazuri wengi wamezaa watoto wa kawaida kabisa. Kosa, kama lipo, ni dogo na ni la kiufundi: ukiuza binti bora, hakikisha umebaki na dada yake.

Naye dada alikuwepo. Highclere alikuwa na binti mwingine, Burghclere, asiye na sifa za uwanjani. Burghclere akamzaa Wind In Her Hair, aliyekimbia kwa rangi za watu wengine, akawa wa pili katika Oaks ya 1994, kisha akauzwa Japani. Huko, mwaka 2002, akamzaa Deep Impact, aliyechukua mbio tatu kubwa za Japani mwaka 2005 bila kushindwa na kugeuka baba mkuu wa farasi wa nchi ile. Katika watoto wake wa mwisho kabisa, mmoja alizaliwa Ireland mwaka 2020, akapewa jina Auguste Rodin.

Elizabeth II alifariki Septemba 2022. Farasi wake wakapita kwa Charles III, baadhi wakauzwa mnadani mwezi uliofuata, na Educator akawa mshindi wa kwanza wa mfalme mpya, Salisbury, Oktoba. Jumamosi ya tarehe 3 Juni 2023, mwezi mmoja baada ya kutawazwa kwa Charles, Auguste Rodin aliteremka Tattenham Corner akiwa na rangi za wafanyabiashara wa Coolmore, kampuni ya Ireland ya kuzalisha farasi, akapanda ule mpando wa mwisho na kushinda Derby. Bibi wa baba yake ni Burghclere.